Panga la Mamba

Babu alilining'iniza panga kwa vidole viwili, pale bapa linapoanzia, akaligonga kwa ukucha wa kidole gumba. Likalia. Akalisogeza sikioni, akakunja uso, kisha akamrudishia mhunzi.

"Fundi, hili lina ufa."

"Babu, nimelifua jana kwa mikono yangu!"

"Basi lina ufa wa jana."

Mjukuu, mwenye umri wa miaka 11, hakusikia tofauti yoyote. Kwake panga lile lililia sawa na wenzake watatu waliolala juu ya gunia. Mhunzi alilipaka mafuta ya taa, akalifuta kwa kitambaa, akalielekeza juani na kungoja. Mstari mwembamba kama unywele ukaanza kujitokeza karibu na shingo, mafuta yakichuruzika kutoka ndani ya chuma. Hakusema kitu. Alilitupa panga kwenye lundo la vyuma, akampa babu jingine aligonge.

Ilikuwa mwaka 1983, huko Mamba, jirani na Marangu, upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro. Maduka ya Tanzania yalikuwa hoi. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979 vikiwa vimekomba fedha za kigeni, na sasa serikali ilikuwa imeanza msako wa wahujumu uchumi. Sabuni, khanga, sukari, majembe: vyote viliulizwa kwa kunong'ona. Mtu aliyetaka panga la dukani aliandikisha jina na kurudi nyumbani kusubiri.

Kabla ya hapo, wazee wa Marangu walijua mapanga ya dukani ya aina mbili. Lilikuwepo la Kiingereza, la Ralph Martindale wa Birmingham, lenye chapa ya mamba kwenye bapa. Na lilikuwepo la Ubungo, kutoka kiwanda cha zana za kilimo kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, fahari ya miaka ya kujitegemea. Kwa hiyo mtu aliposema "nina panga la mamba" ilibidi aulizwe: mamba wa mtoni au Mamba ya wahunzi? Mwaka ule jibu lilikuwa moja tu.

Wahunzi wa Mamba hawakuzuka na uhaba. Mababu zao walifua mikuki na majembe kwa chuma kilichoyeyushwa Upare, kule Ugweno. Mivukuto yao ilikuwa ya ngozi ya mbuzi, mkaa ulitoka porini. Kilichokuwa kimebadilika ni chanzo cha chuma. Badala ya kukinunua kwa jirani zao Wapare, walikikuta kando ya barabara, kwenye magari mabovu: springi za Landrova na za malori. Mhunzi hakuhitaji maabara kujua kwamba springi ni chuma cha maana. Chuma chake kina kaboni inayokaribia asilimia 0.6, kiasi cha kulifanya panga lipinde na kurudi, huku makali yakikaa. Nondo ya kujengea haifiki hata nusu ya hapo kwa kawaida. Panga la nondo hung'aa sokoni na kujikunja shambani, na waliolinunua wakati wa shida walikuwa wakilinyoosha kila jioni kwa jiwe.

"La migomba au la kuni?" fundi aliuliza.

"La kuni," babu akajibu, na fundi akayaondoa mapanga mawili membamba kwenye gunia bila kuongeza neno.

Mpini ulitiwa siku ileile. Babu alikuja na kipande cha shina la mkahawa uliokufa, mti mgumu ambao haupasuki ovyo. Fundi aliupasha moto mkia wa panga hadi ukawa mwekundu, akaukandamiza kwenye ule mti. Moshi ulitoka na harufu tamu, kama kahawa inayoungua kikaangoni. Mkia ulijichimbia njia yake wenyewe, ukapoa humo, ukashika. Mjukuu aliibeba harufu hiyo puani njia nzima ya kurudi nyumbani.

Miaka saba baadaye alipanda mlima kama mpagazi, na panga lile alilibeba ndani ya gunia la vyakula. Siku hizo chai na uji wa wapagazi viliiva kwa kuni. Kazi ya kuzitafuta ilimwangukia mgeni wa kikosi, naye ndiye alikuwa mgeni. Kuanzia lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara, mita 2,720, ni msitu wa mvua: magogo yamelowa, yameota kuvu, na ukiyachanja yanatema maji. Juu ya hapo inaanza mierika, vichaka vya mti mwembamba wenye mbao ngumu, ambayo ikikauka inawaka kwa moto mkali usio na moshi mwingi. Mpagazi yeyote aliyekuwa na akili aliipita miti ya Mandara na kukata mierika mikavu kuelekea vibanda vya Horombo. Matokeo yake yalionekana kwa macho. Kila msimu kijana yule alitembea mbali kidogo zaidi na vibanda kabla hajapata tawi kavu.

Huko ndiko alikolielewa swali la mhunzi. Tawi bichi linataka bapa jembamba, milimita mbili hivi, linalopita kabla nyuzi hazijalibana. Mti mkavu hulicheka bapa la namna hiyo: linadunda, mkono unakufa ganzi, makali yanapata meno. Mti mkavu unataka uzito na mgongo mnene, na makali yenye tumbo kidogo ili yasukume mbao pembeni badala ya kunasa ndani yake. Anayechagua panga dukani kwa kutazama urefu na mng'aro anachagua akiwa hajauona mti.

Mgeni mmoja Mwingereza, askari mstaafu, alimwachia zawadi ya panga walilokuwa wakilitumia jeshini, mtindo wanaouita goloki. Alipolichunguza alikuta jina lilelile, Martindale. Lakini lilikuwa kiumbe kingine kabisa: bapa la sentimita 33 tu, unene zaidi ya maradufu ya la dukani. Asili ya mtindo huo ni Kusini-Mashariki mwa Asia, ambako misitu ina miti migumu na watu wa huko walifua visu vifupi, vizito. Amerika ya Kati na visiwa vya Karibiani, kwenye mashamba ya miwa, panga lilirefuka na kuwa jembamba. Letu la Afrika Mashariki limekaa katikati: la wastani kwa urefu, limepanuka karibu na ncha ili uzito uwe mbele. Waingereza wamelipenda kiasi cha kulichukua na jina lake. Kwenye katalogi zao za visu, bapa lililopanuka mbele huitwa "panga" hadi leo, na Kiswahili hakikulipwa hata senti.

Goloki lilikata mierika kama muwa. Alipolishusha kihambani, shamba la nyumbani, kufyeka majani ya ng'ombe, kiwiko kilimuuma siku mbili. Mkewe alilitundika darini.

Kisha maduka yakajaa. Baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, mwanzoni taratibu na baadaye kwa fujo, Moshi ilipata mapanga ya kila nchi. Ya China yalikuwa mengi kuliko yote. Yalikuwepo pia ya Brazili, ya Tramontina, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911. Bei ilishuka hadi panga likawa kitu cha kununua bila kufikiri, na hapo ndipo yeye, mjukuu wa babu yule, alipoaibika. Alinunua moja lenye mpini wa plastiki kwenye duka moja mjini, kwa haraka, bila kuligonga na bila kuchungulia mkia. Usiku wa mvua pale Mandara, mikono ikiwa na mafuta ya kupikia, aliliinua juu ya gogo na kulishusha. Kilichobaki mkononi ni mpini. Bapa lilipita kando ya goti la mpagazi mwenzake na kujikita kwenye ubao wa ukuta, likawa linatetemeka.

Walilitazama kwa mwanga wa karabai. Mkia ulikuwa umeishia sentimita nne ndani ya plastiki, umeshikwa na msumari mmoja. Tangu usiku huo anachotazama kwanza ni kama chuma kimepita hadi mwisho wa mpini, kimeshikwa na misumari mitatu au zaidi.

Mengine aliyajifunza kwa subira. Panga jipya halina makali, lina ukingo tu. Mwenye nalo ndiye anayeyaweka, kwa tupa. Na tupa yenyewe ni mpimaji: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekomazwa kupita kiasi na kitamegeka, ikichota kama inakwangua sabuni, ni laini na hakitakaa. Ikiuma kidogo, kwa ukaidi, lipa. Ncha ikandamize kwenye ubao hadi bapa lijikunje, uachie, uangalie kama limenyooka. Na usimpelekee fundi wa mashine ya kunolea mwenye haraka. Chuma kikibadilika rangi kuwa buluu kimefika karibu nyuzi 300, na ugumu wa hapo umekwenda na cheche.

Hifadhi ya Kilimanjaro ilipopiga marufuku mioto ya kuni, yeye alishakuwa mpishi. Yalikuja majiko ya mafuta ya taa, kisha mitungi ya gesi. Alilalamika kama wenzake: mtungi ni mzito, na kwenye baridi ya kibanda cha Kibo, mita 4,720, gesi inavivia. Lakini baada ya misimu kadhaa aliiona mierika karibu na njia imeanza kusimama tena, akaacha kulalamika kwa sauti. Panga la babu likabaki nyumbani. Huko nako mti ulikuwa umebadilika. Ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 chini ya msitu ili Wachaga wapate kuni na mbao, ulikuwa umechoka, na mwaka 2005 msitu wa juu ukaingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi. Kinachopasuliwa sasa vihambani ni mgrevilia na mkaratusi, miti ya kupandwa. Mgrevilia mkavu unapasuka kwa kuutazama tu.

Ana kiwanja kidogo cha kambi kwenye kihamba chake, mahema sita, kwa vijana wa Dar es Salaam na Arusha wanaotaka kulala nje bila kupanda mlima. Wanakuja na visu vilivyonunuliwa kwenye simu: vyeusi, vyenye meno ya msumeno mgongoni na dira kwenye mpini. Mpini wenye dira una uwazi ndani, na kisu chenye mpini mtupu hakina mkia. Huwaachia wajaribu. Mwaka juzi binti mmoja alikivunja chake kwenye kuni ya tatu, akacheka, akaomba panga la mzee. Alipoonyeshwa, aliliweka juu ya kuni iliyosimama na kuligonga mgongoni kwa gogo dogo, mara mbili, na kuni ikaachana.

"Mzee, hili linauzwa wapi?"

Haliuzwi. Mpini umebadilishwa mara tatu na bapa limeliwa na tupa hadi limebaki jembamba, karibu la migomba. Kwa hiyo mwezi uliofuata alikwenda Mamba na kipande cha springi ya Hiace begani. Aliyempokea ni mjukuu wa mhunzi yule, mwenye kipulizio cha umeme badala ya ngozi ya mbuzi. Aliulizwa swali lilelile, akajibu lilelile, akaambiwa arudi baada ya siku tatu.

Aliporudi, alilining'iniza, akaligonga kwa ukucha. Lilisikika sawa, au masikio ndiyo yaliyozeeka. Alifumba jicho moja na kulitazama kwa urefu: lilikuwa limeinama kidogo upande wa kushoto. Fundi akalichukua, akaligonga mara mbili juu ya jiwe, akalitazama naye, akasonya.

"Njoo kesho, mzee."