Trekta Dogo na Kanzu ya Ijumaa

Marehemu baba yetu, Allah amrehemu, alituachia shamba la ekari 12 wilayani Muheza, mkoa wa Tanga: minazi ya zamani, nyasi zinazoota chini yake, na ng'ombe tisa wa maziwa. Tulipokwisha kugawa mirathi, sisi ndugu wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, tulikubaliana pamoja na mama kwamba shamba lisikatwe vipande, bali litunzwe kwa ushirika, kila mmoja akiwa na fungu lake.

Hatukuchelewa kutambua kwamba kutunza nyasi ni kazi nzito. Masika yanapokwisha, nyasi huwa zimefika kiunoni. Zisipokatwa kwa wakati hukomaa zikawa mabua matupu, na vichaka huota katikati yake. Kisha Januari na Februari, jua linapokausha malisho, ng'ombe hukosa chakula. Vijana wanne wenye mafyekeo walichukua siku 12 kumaliza shamba, na walipofika mwisho, pale walipoanzia palikuwa pameota upya. Ndipo tukaazimia kununua trekta.

Kaka yetu mkubwa alitaka trekta la nguvu za farasi 75, kama yale yanayoonekana katika mashamba makubwa. "Tukinunua, tununue la kueleweka," alisema. Lakini fundi mmoja mzee, tuliyemwendea kwa ushauri, alituuliza swali ambalo hatukuwa tumejiuliza: mnataka trekta lifanye kazi gani? Alitufundisha kuanza na mashine ya kukatia, kisha kutafuta trekta la kuiendesha. Mashine ya kufyekea yenye upana wa mita 1.2 huendeshwa vyema na trekta la nguvu za farasi 25 hivi, nayo kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka hukata takriban ekari moja kwa saa. Trekta dogo hugeuka kwa urahisi baina ya minazi, na kwa kuwa ni jepesi, halishindilii udongo wenye unyevu kiasi cha kuiumiza mizizi ya nyasi.

Akatutahadharisha jambo jingine. Mashine ya visu vinavyozunguka ni nzuri kwa kusafisha vichaka, lakini huzikatakata nyasi vipande vidogo. Anayetaka hei ya kuhifadhi hutumia mashine ya kukata shinani, inayozilaza nyasi zikiwa nzima. Tukaona kwamba fedha za kununulia ukubwa tusiouhitaji zingekuwa israfu.

Kumbe upo upungufu mwingine, nao ni wa anayetafuta rahisi mno. Ijumaa moja, baada ya sala, tulikwenda kuangalia trekta dogo lililotumika, lililokuwa likiuzwa kwa bei ya chini sana. Halikuwa na upinde wa chuma wa kumlinda dereva trekta likipinduka, wala mkanda wa kiti. Shafti ya nyuma, inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine ya kukatia, ilikuwa wazi bila kifuniko. Muuzaji aliwasha injini, akaitia gia shafti ili tuone inavyozunguka. Mdogo wetu wa mwisho akasogea kutazama, naye amevaa kanzu.

Shafti ya namna ile huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde moja. Hatukuona ilivyoanza. Tulisikia kitambaa kikipasuka, tukamwona ndugu yetu amepiga magoti. Kanzu ilichanika kutoka pindo hadi kwapani na kuzongwa yote kwenye chuma. Lau ingekuwa ya kitambaa kizito, ingemvuta yeye pamoja nayo. Muuzaji alizima injini mikono ikimtetemeka. Tulirejea nyumbani kimya, ndugu yetu amejifunga shuka ya kuazima.

Mama aliishika kanzu ile, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Wanangu, mimi naweza kuishi bila ng'ombe."

Baada ya siku ile hakuna aliyezungumzia tena urahisi wa bei. Trekta lenye kifuniko cha shafti, upinde na mkanda lilikaribia mara mbili ya bei ile. Tulipata mahali pa kukopa, lakini kwa riba. Dada yetu, ambaye fungu lake katika mirathi ni dogo kuliko yetu, ndiye aliyekataa kwanza: "Kaka zangu, baba hakutuachia deni la riba. Tusimletee mama." Tukauza ndama dume wawili, tukaendelea na mafyekeo kwa msimu mmoja zaidi. Ukame ulipokuja tulilazimika kumuuza na ng'ombe mmoja, na jambo hilo lilituuma. Hatimaye tulipatana na muuzaji mwingine bei moja, ikaandikwa mbele ya mashahidi, tukailipa kwa awamu tatu bila nyongeza.

Leo tunamaliza shamba kwa siku mbili. Tunakata nyasi sentimita kumi juu ya ardhi ili zichipue upya, tunazianika, na kuzifunga marobota kwa sanduku la mbao. Januari iliyopita ng'ombe wetu hawakulala njaa, na jirani mmoja alipata marobota ya kuwavusha wake.

Tumejiwekea sharti: hakuna anayelikaribia trekta likiwa limewashwa akiwa na kanzu, shuka au khanga, na watoto hubaki nyumbani. Familia inayokusudia kununua chombo kama hiki, tunaiusia ipime ardhi yake na mfuko wake, lakini kabla ya yote iwahesabu watu watakaokuwa karibu na chombo hicho. Kanzu tulishona nyingine kabla ya Ijumaa iliyofuata. Ndugu yetu tusingempata mwingine. Alhamdulillah.