Waokota Masazo

Ukutani mwa nyumba yetu pana picha ya karatasi iliyopigwa chapa, ambayo bei yake ilikuwa ndogo. Wageni waitazamapo hutuuliza, "Mwalimu, hawa ni akina nani?" Nasi zamani tulizoea kuwajibu, "Ni wakulima kama sisi."

Picha hiyo yaonyesha wanawake watatu katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa. Wawili wameinama sana, wakiokota masuke yaliyosalia; wa tatu ameinuka nusu, naye ameshika aliyoyapata. Wamefunga vichwa vyao kwa vitambaa, na nguo zao ni nzito, za kazi. Mbali nyuma yao yako marundo makubwa ya ngano, na gari lililojaa, na wavunaji wengi. Tena yuko mtu juu ya farasi, msimamizi wa kazi, mdogo hata huwezi kumwona usipomtafuta.

Aliyeichora ni Jean-François Millet, Mfaransa. Alizaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Gruchy, nchi ya Normandy, mwana wa wakulima, na katika ujana wake alilima pamoja na baba yake. Mwaka 1849 aliuacha mji wa Paris akahamia kijiji cha Barbizon, akakaa huko hata alipokufa mwaka 1875. Picha hii ilipowekwa mbele ya watu huko Paris mwaka 1857, wengine hawakupendezwa nayo. Fitina za mwaka 1848 zilikuwa hazijasahauliwa, nao waliona kwamba maskini hawa wamepewa ukuu usiowapasa. Lakini Millet hakuwapamba wala hakuwadhihaki. Aliwachora kama alivyowaona. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuwachora waokotaji juu ya bamba la shaba, ili chapa zipigwe. Picha yenyewe ya rangi imo katika makumbusho ya Orsay, Paris. Lakini kwa njia ya chapa imeingia hata katika nyumba kama yetu.

Basi, mwaka mmoja baada ya mavuno ya mpunga, tulimkuta mama mjane shambani mwetu pamoja na mjukuu wake, wakiokota masuke yaliyoanguka. Tulimkemea kwa ukali. Yule mama hakujibu neno. Alikimwaga kikapu chake chini, akamshika mtoto mkono, wakaenda zao.

Jioni tuliketi kula, taa ikiangaza ukutani. Tuliitazama picha, na chakula kikatushinda. Juma lile lile tulikuwa tumewafundisha watoto habari za Ruthu katika shamba la Boazi, na torati ya Musa inayomkataza mwenye shamba kuokota masazo, ili yawe ya maskini na mgeni. Siku zote tulijihesabu kuwa pamoja na wale watatu walioinama. Kumbe, sisi tulikuwa yule aliye juu ya farasi!

Kulipokucha tulikwenda kwa yule mama na kikapu cha mpunga, tukamwomba radhi. Alikipokea kwa mikono miwili, akauliza, "Na mwakani, mwalimu, nije?" Tukamwambia, "Njoo, mama."

Tangu hapo, mgeni akituuliza juu ya picha yetu, twamwonyesha kwanza yule mtu wa farasi.