Kadi ya Biashara na Tikiti ya Nyumbani

Sisi wauguzi tunaoishi Marekani na kuendesha biashara ndogo pembeni, tunatamani kwenda kuwaona wazazi wangali hai. Benki hutuahidi pointi nyingi za safari tukitumia maelfu ya dola katika miezi 3 ya kwanza. Kabla ya kutia sahihi tunajiuliza: je, matumizi hayo tungeyafanya hata bila kadi? Ada ya mwaka ni kiasi gani? Tukibakiza deni, riba itameza pointi zote. Tena sheria ya mwaka 2009 inayowalinda wenye kadi za kawaida, kwa sehemu kubwa haizihusu za biashara. Biashara ikifa, mara nyingi deni humfuata mama nyumbani. Mpendwa msomaji, zawadi isije ikala karo ya watoto.