Bi mkubwa kazima swichi, tovuti tatu chali!

Mshikaji, kama unaishi na bi mkubwa halafu una mpango wa kufungua seva chumbani, soma kwanza yaliyonikuta mimi hapa Sinza.

Nilikuwa na tovuti yangu ya habari za ndondi. Rafiki akataka ya timu yao ya mtaani. Kisha dada yangu, fundi cherehani, naye akataka ya kupokea oda: mteja anachagua mshono, anaandika vipimo, basi. Zote tatu zilipiwe pango kwenye seva za watu? Nikaona hasara. Kulikuwa na kompyuta ya mezani imelala uvunguni tangu enzi hizo. Nikaivuta, nikaifuta vumbi, nikaipakia Linux na Apache, ambazo hutoi hata senti.

Kijiweni wakanibishia: kompyuta moja, anwani moja ya intaneti, tovuti tatu zitakaaje? Nikawaambia wachukulie nyumba ya kupanga. Mlango wa mbele mmoja, korido moja, vyumba vingi. Mgeni akibisha hodi anamtaja anayemtaka, anaonyeshwa chumba. Ndivyo ilivyo. Tangu kanuni za HTTP/1.1 zitoke mwaka 1997, kivinjari lazima kitaje jina la tovuti inayotakiwa, na Apache inampeleka mgeni kwa mwenyewe. Nikalipia anwani ya kudumu, nikaiambia ruta kila anayebisha mlango namba 80 na 443 aletwe kwenye kompyuta yangu, na cheti cha usalama nikakipata bure kwa Let's Encrypt. Wee! Nilitamba mtaani wiki nzima.

Kumbe hesabu ya nyumbani sikuipiga. Lile dude lilikuwa linakula kama wati 100. Likikesha mwezi mzima ni uniti 72. Na LUKU ananunua nani? Bi mkubwa! Akawa anaguna, "Mbona siku hizi umeme unakwenda kama maji?" Mimi nasingizia friji. (Friji lenyewe halina hata neno, maskini.)

Usiku mmoja wa Ijumaa akapita chumbani, akaona kijitaa kinapepesa. Akazima swichi ukutani, akaenda zake kulala.

Asubuhi nawasha, diski inakwaruza kama panya kabatini. Tovuti zote tatu chali. Za ndondi na za mpira sikuzilia sana, picha zipo kwenye simu za watu. Lakini vipimo vya wateja 11 wa dada vilikuwa mle, na nakala ya akiba niliiweka wapi? Kwenye diski hiyohiyo! Mmoja wao alikuwa bibi harusi, sendofu Jumamosi inayofuata. Namba za simu dada alikuwa nazo, akawapigia mmoja mmoja kuomba vipimo upya. Bibi harusi akamjibu kwa upole kabisa, "Dada, naomba tu kitambaa changu." Akakipeleka kwa fundi mwingine.

Nikaenda kwa bi mkubwa nimefura. Akanitazama. "Sasa wewe mwanangu, ungeniambia humo mna kazi ya dada yako, ningezima?"

Nikaishiwa maneno.

Tim Berners-Lee, yule aliyebuni mfumo wa tovuti akiwa CERN kule Uswisi, seva yake ya kwanza ilikuwa kompyuta ya NeXT. Alibandika karatasi juu yake, wino mwekundu, akionya watu wasiizime. Na huyo alikuwa amezungukwa na wanasayansi! Mimi nina bi mkubwa na bili, nikaona haya kusema.

Sasa nimehamia Raspberry Pi, kidubwasha cha kiganjani kisichofika wati 10. Uniti zake hazizidi 8 kwa mwezi, nanunua mwenyewe. Karatasi ya onyo ipo pale kwenye swichi, na bi mkubwa ndiye aliyeiandika kwa mkono wake, tena kwa herufi kubwa. Kila usiku nakala inakwenda kwenye kompyuta ya dada, kwake Temeke.

Yule bibi harusi hajarudi mpaka leo. Dada hajanidai chochote. Ila kila ikifika saa tatu usiku simu yangu inalia, na hata salamu haanzi nayo: "Umeshanakili?"