Ukingo wa Manga na Majina Yafananayo

Msafiri atokaye mji wa Kisii kwenda Marani hupita katika nchi ya Kitutu, nchi ya vilima na mabonde, yenye migomba, chai na mahindi. Nchi hiyo yatazamwa na ukingo mrefu wa Manga, ambao upande mmoja umekatika kama ukuta. Mtu akisimama juu yake siku isiyo na ukungu, huliona Ziwa Victoria kwa mbali.

Mgeni alisikiapo jina hilo mara ya kwanza, hulipima kwa sikio lake mwenyewe. Mtu wa pwani hukumbuka Uarabuni, maana Manga ni jina la zamani la nchi hiyo, hasa Maskati. Ndiyo sababu tuna pilipili manga, na Waarabu waliotoka Omani waliitwa Wamanga. Na huko Unguja kiko kijiji cha Mangapwani. Kijana wa shule hukumbuka Ujapani, ambako manga ni vitabu vya hadithi za picha. Neno hilo la Kijapani ni maneno mawili yaliyounganishwa, yaani picha zichorwazo kwa kufuata mkono upendavyo, nalo lilijulikana sana tangu Hokusai, mchoraji mashuhuri, alipoanza kutoa vitabu vyake mwaka wa 1814. Mtu wa Kameruni naye hukumbuka mfalme wa Waduala, Rudolf Duala Manga Bell, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka wa 1914 kwa sababu ya kutetea ardhi ya watu wake.

Wote hao husema kweli, lakini hapana hata mmoja aliyeueleza ukingo huu. Sauti ni moja, maneno ni mbalimbali.

Habari zake zimo vinywani mwa wazee wa Kitutu. Zamani, kabla ya Waingereza kufika, Wagusii walipopigwa na jirani zao na kutawanyika, wengi walikimbilia Manga, nao watu wa Kitutu wakawapokea na kuwapa mahali pa kulima. Waliopokelewa hivyo waliitwa abamenyi, yaani wakaaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwa wingi wa wageni hao Kitutu ikapata nguvu, na wazao wao wamo katika koo zake hata leo.

Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, Marani iko chini ya Kisii, na Manga iko chini ya Nyamira. Mpaka umepita katikati ya watu waliookolewa na ukingo mmoja. Basi mtoto wa Marani akiulizwa Manga ni nini, asikimbilie Maskati wala Ujapani. Na aseme kwamba ndipo babu zake walipopata pa kusimama.