Mzigo Kwenye Keria

Mkristo wa Tabora hahitaji kufundishwa habari za baiskeli. Kabla bodaboda hazijafika kila kijiji, baiskeli ndiyo iliyompeleka mgonjwa zahanati, mahindi mashineni na mwinjilisti mtaani kwake. Hata leo, ukisimama alfajiri kando ya barabara yoyote ya vumbi inayoingia mjini, utawaona wanaume wakisukuma magunia ya mkaa, vijana wa maziwa na madumu yao yanayogongana, na warina asali wanaotoka msituni na ndoo zao. Sisi watumishi wa usharika mmoja wa pembezoni mwa mji huu tumo katika msururu huo. Mitaa yetu imetawanyika, gari la usharika hatuna, na pikipiki moja haiwezi kufika kila mahali kwa Jumapili moja. Kwa hiyo tunaendesha baiskeli: mchungaji, mwinjilisti, wazee wa kanisa, na mara nyingine vijana wa kwaya.

Njia zetu ni za changarawe na mchanga. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia hadi ndani ya Biblia, na kwenye mabonde mchanga huwa mzito, gurudumu la mbele likajitafutia njia lenyewe. Mvua zikianza, mbuga hujaa maji na udongo mweusi hunasa kwenye tairi mpaka zinakataa kuzunguka. Hapo aliyekuwa akibebwa na baiskeli huibeba yeye. Vilima vyetu vya mawe si vya kutisha kama Uluguru au Usambara, lakini kwa mwenye mzigo, kilima ni kilima. Barabara hizi zimetufundisha mambo machache. Kwenye mchanga, punguza upepo kidogo na usiache kukanyaga pedali. Kwenye changarawe, usifunge breki ya mbele ghafla. Na mzigo ufungwe chini, tena katikati, kwa maana mzigo ulioegemea upande mmoja humwangusha hata mwendeshaji hodari.

Lakini sisi si wa kwanza kupita hapa na mizigo. Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyamwezi kwa Tura na Kigwa, kisha ikaendelea hadi Ujiji, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Mwaka 1857, Burton na Speke walipofika mahali palipoitwa Kaze, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wameshajenga. Nguo, shanga na nyaya zilipanda kutoka pwani. Pembe za ndovu zilishuka. Yote hayo yalikwenda kwa mabega ya watu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Wanyamwezi wengi waliubeba kwa ujira na kwa fahari. Ila katika njia hiyohiyo walipita wengine waliofungwa kamba shingoni, ambao hawakupatana ujira na mtu yeyote. Wao wenyewe walikuwa bidhaa.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii katika orodha ya awali ya maeneo inayopendekeza yawe urithi wa dunia. Kwihara yetu imetajwa humo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Siku hizi tunakutana na wageni wenye baiskeli za tairi pana, wanaofuata barabara za changarawe kwa kupenda tu. Hutuuliza tembe la Livingstone liko wapi, nasi tunafurahi kuwaelekeza. Hata hivyo sisi hatuwezi kuipita njia hii kama wao. Wengi walioletwa na misafara walibaki hapa, na wajukuu wao ni washarika wetu. Wajukuu wa waliowauza pia ni washarika wetu.

Katika tembe hilo la Kwihara, Livingstone alikaa mwaka 1872 na Stanley, kisha akasubiri wapagazi hadi Agosti. Wageni wengi huishia kwenye habari hiyo. Sisi hupenda kuwasimulia ya mwaka uliofuata. Livingstone alipofariki Mei 1873 kule Chitambo, katika Zambia ya leo, watu wake waliukausha mwili na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Miongoni mwao walikuwamo Susi, Chuma na Jacob Wainwright. Walipofika Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike hapahapa. Wakakataa. Wakaendelea hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, baada ya miezi tisa. Na huyu Chuma, alipokuwa mtoto, alikombolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa karibu na mto Shire. Aliyewahi kuburutwa na msafara aliufanya msafara mwingine kwa hiari yake, akiwa na mzigo ambao hakuna aliyemlazimisha kuubeba.

Ndugu msomaji, Mtume Paulo katika Wagalatia sura ya 6 anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Kwanza anataka tuchukuliane mizigo, na kwamba hivyo ndivyo tunavyotimiza sheria ya Kristo. Mistari michache baadaye anasema kila mtu ataubeba wa kwake. Chuoni tulifundishwa kwamba Kiyunani kina maneno mawili hapo. La kwanza, baros, ni uzito unaomlemea mtu. La pili, fortion, ni furushi ambalo kila msafiri hulibeba mwenyewe. Darasani tuliandika hayo kwenye daftari na kuyajibu kwenye mtihani. Kuyaelewa kulikuja baadaye, barabarani.

Tangazo la ndoa ya vijana wawili lilikuwa limesomwa mara ya kwanza, ndipo baba wa binti alipoleta neno kwamba amesitisha. Amesikia kuwa ukoo wa kijana ni watu wa kuletwa. Kila mtu hapa anajua maana ya neno hilo. Waingereza waliufuta utumwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini sheria haikuweza kulitoa neno hilo midomoni. Basi tulikwenda baiskeli nne: mchungaji, mwinjilisti na wazee wa kanisa wawili, mmoja wao amepita miaka sabini. Mchanga ulikuwa mwingi, na yule mzee alikataa katakata kusukumwa.

Tulipokelewa vizuri, tukapewa vigoda na maji. Tulizungumza habari za ubatizo, na kwamba mbele za Kristo hakuna mtumwa wala huru. Baba wa binti aliitikia kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mahubiri anayoyajua. Kisha yule mzee akaomba kusema.

"Mwanangu," akamwambia, "kama ndivyo, hata kigoda hiki umekosea kunipa. Bibi yangu mzaa baba aliingia Tabora akiwa mtoto, kamba shingoni, kutoka Manyema. Jina alilopewa na mama yake hatulijui mpaka leo. Miaka yote hii mimi na wewe tumepiga magoti pamoja mezani pa Bwana. Sema leo, nihame?"

Hata sisi tuliokuja naye hatukuwa tunajua. Kwa miaka mingi alitusomea mahesabu ya usharika, akasuluhisha ugomvi wa mashamba na wa ndoa, na furushi hilo alikuwa nalo siku zote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ile tuliuona uzito wake.

Baba wa binti hakujibu. Alisema atazungumza na ndugu zake. Mama wa binti akatufungia matobolwa. Tulipotoka, yule baba aliichukua baiskeli ya mzee na kuisukuma mwenyewe katika mchanga wote, hadi kwenye miembe ya juu kilimani, na safari hii mzee hakukataa. Hapo akamkabidhi na kumpa mkono, kwa mikono miwili. Tangazo la pili lilisomwa baada ya wiki sita. Hatusemi kwamba kila kitu kilipona. Ndugu wawili wa ukoo hawakuja harusini.

Tangu hapo tunaisoma ile sura kwa namna nyingine. Furushi la kila mmoja ni kazi yake, dhamiri yake, na majibu atakayompa Mungu. Lakini aibu ya utumwa haikuwa kamwe furushi la aliyefungwa. Ni uovu wa mwingine uliofungwa kwenye shingo isiyo yake, na wajukuu wakaachiwa waendelee kuubeba. Mzigo wa namna hiyo umeegemea upande mmoja, nao utauangusha usharika wote, hata tuimbe vizuri namna gani. Bwana wetu naye alitembea amefungwa, na Simoni Mkirene akashurutishwa kumbebea msalaba. Yeye aliyechukua mahali pa waliofungwa hawezi kuona haya kuwaita ndugu zake.

Kwa hiyo tunawasihi, wapendwa. Posa ikija nyumbani, ulizeni tabia ya kijana na uchaji wake. Habari ya nani aliletwa na nani alileta isiwe kipimo. Wazee walio nayo moyoni wapewe nafasi ya kuisema wakiwa hai, nasi tusikilize bila kukatiza. Neno lile la kuletwa likitamkwa jikoni au kisimani, mmoja wetu aseme, "Hapana." Na mkimwona mtu anapanda kilima na mzigo, msimpigie kengele awapishe. Shukeni, mkaweke mkono nyuma ya keria.