Mbiti Aliniondolea Hofu ya Parapanda

Shuhuda nyingi ninazozisikia kanisani huanzia kwenye ugonjwa au ulevi. Wangu unaanzia kwenye kitabu cha kitaaluma, kigumu na chenye tanbihi tele, ambacho mwalimu wa Agano Jipya alitupa tukisome chuoni.

Nililelewa karibu na Mpwapwa, na mahubiri ya mikutano ya injili ya utoto wangu yalikuwa moto, parapanda na kuachwa. Nikitoka kuchota maji nikakuta mlango umefungwa, moyo ulinipasuka: mama keshanyakuliwa! Niliokoka nikiwa na hofu hiyo, nikaitwa kwenye huduma nikiwa nayo, nikaingia nayo chuo cha theolojia.

Kitabu chenyewe ni New Testament Eschatology in an African Background cha John Mbiti, kilichotoka mwaka 1971. Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alisoma Alliance, Makerere na Marekani, kisha akapata udaktari wa Agano Jipya Cambridge mwaka 1963. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakibishana Yesu alimaanisha nini aliposema ufalme wa Mungu umekaribia. Mbiti aliuliza na swali la pili: Wakamba waliohubiriwa na wamisionari wa Africa Inland Mission walisikia nini?

Alionyesha kwamba moto, mji, hazina na makao ya mbinguni, ambayo katika Agano Jipya ni lugha ya picha, yalipokelewa kama maelezo ya vitu na mahali halisi. Tena, kwa hoja yake, fikra za jadi za Wakamba ziliutazama zaidi wakati uliopita, na wakati ujao kwao ulikuwa mfupi. Kwa hiyo aliyeambiwa Yesu anakuja alimtarajia upesi, na alipokawia, akafadhaika. Mbiti akarudi kwenye maandiko. Kiini cha mambo ya mwisho, alisema, ni Kristo mwenyewe. Katika ubatizo na Meza ya Bwana waamini wanaonja sasa kile wanachokingojea, na ufufuo ni wa watu pamoja ndani yake.

Hapo ndipo nilipofunguliwa. Yule niliyekuwa nikiogopa kuja kwake ndiye niliyekuwa nikila mezani pake.

Sikukubaliana naye kwa kila jambo. Hoja yake ya wakati, aliyoieneza katika African Religions and Philosophy mwaka 1969, ilipingwa na Mghana Kwame Gyekye, na mimi Mgogo nina sababu zangu za kuipinga: watu wa nchi ya njaa huweka mtama ghalani kwa sababu wanaiwaza kesho. Byang Kato wa Nigeria naye alimshutumu kwa kuilegeza injili, na Okot p'Bitek akawalaumu wasomi waliomvika Mungu wa Waafrika mavazi ya Kiyunani, Mbiti akiwemo. Lakini wakosoaji wote hao walikuwa wakibishana juu ya jibu. Swali lake la msikilizaji amesikia nini lilibaki palepale, na ndilo nililolichukua.

Naye mwenyewe hakuliacha. Baada ya miaka kumi ya kufundisha Makerere na kuongoza taasisi ya kiekumene ya Bossey, alikuwa mchungaji wa usharika Burgdorf, Uswisi, kuanzia 1981 hadi 1996. Mwaka 2014 ikatoka tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kikamba, aliyoifanya kutoka Kiyunani. Alifariki mwaka 2019.

Siku hizi sitishii watu kwenye misiba. Na kila juma, kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, nawauliza waumini wamesikia nini Jumapili. Mzee mmoja alijibu kwamba ameelewa kila mtu atapewa nyumba yake peke yake mbinguni, na habari hiyo haikumpendeza. "Mchungaji," akasema, "asubuhi nani atanijulia hali?"

Jumapili iliyofuata nilihubiri ufufuo wa mwili wote wa Kristo, jirani kwa jirani. Mzee yule alikaa benchi la mbele, na baada ya ibada akaniambia huko sasa yuko tayari kwenda.